Jengo Lenye Sala Halizimwi

Shangazi yangu Fuatino hakupokea kitu maishani mwake bila kukigeuza kwanza aone upande wa chini. Sahani za harusi yake alizigeuza mbele ya wageni waliozileta. Mchungaji mpya alipokuja kijijini kwetu Fagamanu, shangazi alikuwa wa kwanza kumpa mkono, kisha akamuuliza kwa nini kijiji alikotoka kilimwachia aondoke. Mchungaji aliona ni mzaha. Shangazi alikaa akisubiri jibu.

Shuleni alifundisha ushonaji na upishi. Mwalimu wa somo la kompyuta alipokwenda New Zealand kumzika mjomba wake na kubaki hukohuko, mwalimu mkuu alituuliza nani angeshika darasa lake. Walimu wote tulitazama dari. Shangazi, aliyekuwa akikata kitambaa cha sare, alisema atalishika, kwa sharti moja: asisikie mtu akiliita la muda. Akaanza kusoma. Kila jioni, baada ya kuosha vyombo, aliketi na kitabu cha kompyuta na penseli nyekundu, akikisahihisha kama daftari la mwanafunzi aliyeandika kwa haraka.

Kompyuta zilizokuwapo zilikuwa maganda. Shangazi alisumbua ofisi ya elimu mjini Apia kwa simu hadi wakamjua kwa kikohozi, na mwishowe wakampa moja nzuri, ya mezani, yenye nguvu ya kubeba mtihani wa vitendo wa darasa la mwisho. Alikwenda kuichukua mwenyewe. Katika feri ya kurudi kisiwani kwetu Savai'i, mabaharia walimwambia sanduku kubwa kama lile hushushwa chini pamoja na magari. Akawaambia likishushwa naye atashuka, wamtafutie kiti kati ya malori. Sanduku lilivuka bahari likiwa katikati ya magoti yake.

Kwa hiyo utaelewa jinsi alivyolipokea lile agizo. Ofisi ilitangaza kwamba kompyuta zote za shule lazima zisasishwe kabla ya Ijumaa, na hapakuwa na ruhusa ya kukataa wala kuahirisha. Ambayo ingeshindwa ingehesabiwa kuwa mbovu. Lori lingeizoa Ijumaa asubuhi, na wanafunzi wake wangehamia shule ya upande wa pili wa kisiwa au waliache somo. Darasa la mwisho lilikuwa limebakiza wiki chache kufanya mtihani. Upande wa pili wa kisiwa, kwa basi letu, ni safari ya kutwa nzima. Kuhama maana yake ilikuwa kuacha, na kila mzazi alilijua hilo.

Kompyuta ilianza kujisasisha vizuri tu. Shangazi aliibonyeza mchana, baada ya masomo, akaona duara la vidoa likizunguka na asilimia zikipanda polepole, kwa sababu mchana vijiji vyote vya pwani yetu hugombania mnara mmoja wa mtandao. Akafunga mlango akaenda nyumbani. Asubuhi aliporudi, kioo kilisema kazi imeshindikana na mabadiliko yanarudishwa. Chini yake: usizime kompyuta. Akajaribu tena. Asubuhi iliyofuata maneno yalikuwa yaleyale, na safari hii mashine ilikwama hapo hadi saa ya mapumziko.

Akampigia simu kijana wa ofisi aliyeitwa Pelenato, ambaye kazi yake ilikuwa kusaidia shule za mbali. Pelenato alikuwa na subira, hilo nalikiri. Alimwongoza kuiwasha kwa njia ya tahadhari, ile inayoamsha mashine na vitu vichache tu. Alimwambia afute mabaki ya sasisho lililokufa. Alimwambia aone kama kuna nafasi, na hapakuwa na nafasi, kwa sababu video za watoto wa kanisa wakiimba Jumapili yao ya mavazi meupe zilikuwa zimejaa humo kama nguo katika sanduku la bibi. Mimi nilizihamisha. Tukachomoa nyaya zote, tukazipuliza, tukazirudisha. Kila mara sasisho lilianza kwa moyo, na kila asubuhi tulikuta limekufa.

Pelenato aliuliza swali moja mara nyingi kuliko mengine: je, umeme hukatika huko? Shangazi akamjibu kwamba haukatiki. Ili awe na hakika alimuuliza hata Toetu, binamu wa mumewe, ambaye ndiye kiongozi wa vijana wa kijiji na ndiye mwenye ufunguo wa kisanduku cha umeme cha shule. Toetu alifikiri kwa makini, maana ni mtu wa kweli, akasema umeme haujakatika tangu kile kimbunga cha mwaka juzi.

"Basi imekufa, mama," Pelenato alisema siku ya Jumatano. "Huko nyuma chumvi ya bahari inakula vyuma. Sikulaumu. Nyie watu wa nyuma mnajitahidi, ila mashine hizi zinataka mazingira."

Watu wa nyuma ndivyo mji unavyotuita.

"Mwanangu," alisema, "chumvi hiyo imenila mimi miaka hamsini na bado nakwenda kazini. Ijumaa ukituma lori, litakuta mtu mlangoni."

Akakata simu. Kisha akaniambia jambo ambalo tungepaswa kulifikiria tangu mwanzo. Mtoto anayelia kila usiku, alisema, huwezi kujua kinachomliza ukiwa chumba cha pili. Lazima ukae naye. Siku hiyo hatungekwenda nyumbani mapema. Tungekaa tukaitazama.

Tukakaa. Mimi nilisahihisha madaftari ya hesabu, yeye alipiga upindo wa gauni, na mashine ikanguruma polepole kati yetu. Jua lilishuka nyuma ya mikungu. Asilimia zilipita pale zilipowahi kufia, au tulivyodhani, na shangazi akaanza kuimba kwa sauti ya chini. Ndipo kombe la kwanza likapulizwa, baragumu letu la gamba la baharini, kuwaita watu majumbani kwa sala ya jioni, na mara ile ile taa ikazima, feni ikazima, na kioo kikawa cheusi.

Sikuelewa. Nilisikia kisanduku cha umeme kikifungwa ukutani kwa nje, na hatua za Toetu, ambaye hakuchungulia ndani, zikiondoka bila haraka, hatua za mtu aliyefanya alichokifanya jana na juzi na atakachokifanya kesho. Nilifungua mdomo kumwita. Kombe la pili likalia.

Mtu wa Fagamanu akisikia kombe la pili hukaa pale lilipomkuta. Hatembei, haongei, hapigi kelele. Vijana husimama barabarani wakiwa wamefunga shuka nadhifu kiunoni, hata gari la mgeni husimamishwa. Nyumba zote zina mwanga, kwa kuwa ndani yake watu wanasali. Shule, kwa kuwa haina mtu, huzimwa. Iliamriwa hivyo tangu jioni ile spika ya vijana, iliyosahauliwa katika ukumbi wa shule, ilipojiwasha yenyewe katikati ya sala na kukipigia kijiji kizima muziki wa dansi. Baraza la machifu liliitoza shule faini, kisha likamkabidhi Toetu ufunguo.

Sote tulilijua hilo. Shangazi alikuwapo barazani siku faini ilipotolewa. Lakini hakuna mtu kwetu anayeita jambo lile kukatika kwa umeme, kama vile hakuna anayesema amekuwa kipofu kila akifumba macho kulala. Asubuhi swichi huwa imekwisha kurudishwa. Ukiulizwa kama umeme ulikatika, utaapa kwamba haukukatika, na kiapo chako kitakuwa safi.

Tukakaa gizani na ujuzi wetu mpya, bila ruhusa ya kuusema. Najua shangazi alisali kwa sababu midomo yake ilitembea. Macho yake, hata hivyo, yalikuwa wazi, na yalikitazama kile kioo cheusi kama mtu aliyemfumania mwizi ila adabu inamzuia kusimama. Kombe la tatu, la kumaliza sala, lilipolia na Toetu akarudisha swichi, mashine iliamka, ikawaza, ikaandika tena maneno yake: mabadiliko yanarudishwa, usizime kompyuta.

"Nilimwambia yule kijana mara ngapi kwamba umeme haukatiki?" shangazi aliuliza.

"Kila siku," nikamjibu.

"Na sikusema uongo hata mara moja," akasema, akaweka uzi na sindano mkobani.

Alhamisi asubuhi alianzisha sasisho upya kabla hata kengele haijalia, ingawa alijua kwamba kwa mnara wetu halingemalizika kabla ya jioni. Kisha akampigia Pelenato na kumweleza. Kijana akacheka kicheko cha mtu anayejicheka mwenyewe. Alisema hata kwao, kusini mwa kisiwa hikihiki, kombe hupulizwa, na mama yake angemchapa akijua kwamba amekaa mjini hadi akasahau. Lakini lori lilikuwa limekwisha kuvuka na feri, na orodha haikuwa mkononi mwake. Angeweza jambo moja tu: kama kompyuta yetu ingeonekana kijani, yaani imekwisha kusasishwa, katika ubao wake wa ofisini kabla ya lori kufika, angewaambia wenzake waipite.

Mchana shangazi alimwendea Toetu, nami nikafuatana naye. Tulimkuta akiwapa nguruwe machicha ya nazi.

"Shemeji, leo usiguse kisanduku cha shule," shangazi alimwambia.

"Nani kasema?"

"Mimi."

"Wewe siku hizi ni baraza?"

"Baraza linakaa Jumatatu. Lori linakuja kesho."

"Basi lori na baraza wapatane wenyewe," Toetu alisema, akimpapasa nguruwe mgongoni. "Mimi nina ufunguo tu, shemeji. Jengo tupu huzimwa. Nikianza kuchagua la kuzima na la kuacha, kesho kila mtu atakuja na friji yake."

Nilitazamia kwamba shangazi angemsihi, kwa sababu Toetu ana huruma na wanawe wawili walikuwa wamepita mikononi mwa shangazi. Hakumsihi. Alimtazama kama anavyotazama kitambaa kabla ya kuweka mkasi.

"Jengo tupu," alisema. "Haya. Shika ufunguo wako vizuri."

Nyumbani alimwendea mama mkwe wake, Bibi Lupe, ambaye hajasali nje ya nyumba yake tangu alipoletwa hapo akiwa bibi harusi, isipokuwa kanisani. Akamwambia kwamba jioni ile familia itasali shuleni.

"Nyumba yangu ina kasoro gani?" Bibi Lupe aliuliza.

"Haina kasoro, mama. Ila haina kompyuta."

Bibi Lupe alitafuna jambo hilo kwa muda. Hakuwahi kuipenda mashine ile, aliyoiita mke wa pili wa mwanawe, kwa jinsi mkwewe alivyokuwa akiizungumza mezani. Mwishowe alisema hajasikia popote kwamba Mungu amekatazwa kuingia shuleni, na kwamba abebewe mto wake wa kukalia.

Jua lilipoanza kulegea tukavuka uwanja: Bibi Lupe mbele na kitabu cha nyimbo, mjomba Malaki, mume wa shangazi, akiwa amebeba mikeka begani, watoto, mimi, na shangazi nyuma kabisa kama mchungaji wa kundi. Majirani walitoka vibarazani kututazama. Mmoja aliuliza kama nyumba yetu inaungua. Shangazi akamjibu kwamba bado.

Tulitandika mikeka kuizunguka meza ya kompyuta. Asilimia zilikuwa zimepanda vizuri lakini zilibaki za kutosha kumtesa mtu. Shangazi alikitupia kioo shuka safi, ili mwanga wake usiwavute watoto. Kombe la kwanza lilikuwa halijalia bado alipompa ishara Bibi Lupe, naye akaanzisha wimbo, ule mrefu kuliko yote kitabuni, ambao kanisani huimbwa beti mbili tu.

Toetu alifika katika ubeti wa tatu. Nilimwona kupitia vioo vya dirisha akifungua kisanduku na kuweka mkono kwenye swichi. Akasikia sauti. Akainamisha kichwa achungulie.

"Shemeji, tokeni nizime," alisema.

Shangazi hakuacha kuimba. Aliinua kidole kimoja kutoka kwenye kitabu akaonyesha nafasi wazi kwenye mkeka, kando ya Malaki. Toetu akatikisa kichwa. Kombe la kwanza likalia. Aliitazama swichi, akalitazama jengo lenye taa na watu na wimbo, na mkono wake ukabaki pale juu. Bibi Lupe, ambaye alimwogesha Toetu mtoni alipokuwa mdogo, aliingia ubeti wa nne kwa sauti ambayo sikujua bado anayo.

"Shemeji," Toetu alisema tena, safari hii kwa unyonge.

Kombe la pili likamkuta hapo. Aliteremsha mkono, akaketi kwenye ngazi ya saruji, akafumba macho. Swichi ilikuwa juu ya kichwa chake, haijaguswa.

Malaki alisoma zaburi. Watoto walijibu. Chini ya shuka mashine ilinguruma, na mara moja ikanyamaza kabisa, kimya kile kinachokuja kabla haijajiwasha upya, na nikamwona shangazi akikunja vidole vya miguu. Kisha ikanguruma tena. Kombe la tatu lilipolia, hakuna aliyewahi kusema amina kwa haraka kama yeye.

Toetu alikuwa tayari mlangoni.

"Umenichezea, shemeji."

"Nimesali. Wewe umefanya nini hapo kwenye ngazi?"

"Sheria inasema shule izimwe."

"Sheria inasema jengo tupu lizimwe. Umesema mwenyewe mbele ya nguruwe wako. Uliliona tupu?"

Toetu alitutazama mmoja mmoja, hadi yule mdogo aliyelala na kidole mdomoni.

"Jumatatu utayaeleza hayo kwa machifu," alisema.

"Nitayaeleza. Na nitavaa gauni langu jeupe, wanione vizuri."

Tulikuwa bado tunakula majimbi tuliyokwenda nayo, yakiwa ya moto, shangazi alipoliondoa shuka. Kioo kilikuwa kimefunguka, safi, na picha ya mlima ambayo hatukuwa tumeiona kwa siku nyingi. Aliigeuza mashine taratibu akaikagua upande wa nyuma, kana kwamba ndiyo kwanza inaletwa.

Ijumaa lori lilikuja na wanaume wawili wenye orodha. Aliyeonekana mkubwa alisema orodha ni orodha, na Fagamanu imo. Shangazi alisimama mlangoni, futi ya kushonea ikiwa shingoni, darasa zima la mwisho likiwa nyuma yake.

"Ichukueni," alisema. "Lakini mtaibeba ikiwa nzima, na wanafunzi hawa watawafuata hadi kwenye feri wakiimba. Beti zote."

Yule mkubwa alipiga simu ofisini. Alisikiliza, akaangalia orodha, akasikiliza tena, kisha akachora mstari mmoja kwa kalamu. Alisema Pelenato anamsalimia mama. Wakanyweshwa kakao, wakapewa na shelisheli la kuchoma la njiani, maana ugomvi haumnyimi mgeni chakula.

Jumatatu shangazi alivaa gauni jeupe kama alivyoahidi. Toetu alieleza bila kuongeza wala kupunguza. Shangazi naye alieleza, na aliporudia kwamba jengo lenye sala halizimwi, machifu walitazamana na mmoja akakohoa kwa kitambo kirefu mno. Ndipo chifu mkuu akasema kwamba baraza haliwezi kumtoza mtu faini kwa sababu amesali. Kosa lake lilikuwa jingine. Alimwacha ndugu wa mumewe aketi kwenye saruji wakati wa sala, kama mbwa wa mlangoni, naye ndani ana mikeka.

"Nilimwonyesha mkeka, mheshimiwa," shangazi alisema.

"Kwa kidole. Kidole si karibisho."

Akatozwa katoni moja ya samaki wa kopo. Alikwenda kuileta papo hapo, akaiweka mbele yao kwa heshima zote, magoti chini. Kisha, bado akiwa amepiga magoti, akasema anaikubali faini, na kwamba ofisi imetangaza sasisho jingine wiki ya kabla ya mtihani, na kwamba safari hiyo atamkaribisha Toetu kwa mdomo. Baraza halikusema ndiyo wala hapana. Lilianza kuzungumzia uzio wa nguruwe.

Wiki hiyo ilipofika tulibeba tena mikeka. Toetu alikuja ameoga, ufunguo ukining'inia shingoni. Shangazi alimkaribisha kwa mdomo, kwa majina yake yote na ya baba yake, kwa sauti iliyofika barabarani, naye akaingia akaketi karibu na meza. Katikati ya zaburi nilimwona akifungua jicho moja na kuinua pindo la shuka lililofunika kioo.

"Funga macho, shemeji," shangazi alisema, bila kufungua yake.